Weka Patipati Chini: Buibui wa Ukutani Si Adui Yako

Mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimekolea, mama mmoja kutoka Githurai alifika kwenye makumbusho ninakofanya kazi, mkono mmoja umemshika mtoto wa kiume wa miaka kama sita, mwingine umebana kopo la Blue Band. Kopo lenyewe lilikuwa limezungushiwa seloteipu mara tatu.

"Daktari," akaniambia, "huyu ndiye aliyemuuma mtoto. Nimemleta mwenyewe umwone."

Nilimpa kiti, nikamwangalia mtoto kwanza. Kwenye kunjo la mkono, pale mbele ya kiwiko, kulikuwa na malengelenge mekundu upande wa juu, na mengine yaliyofanana nayo kabisa upande wa chini, kama mtu aliyekunja karatasi kabla wino haujakauka. Sikuhitaji kufungua kopo kujua kwamba aliyefungiwa humo hakuwa na hatia.

Alama ile ya kujinakili ni ya Nairobi fly, kile kijidudu chembamba chenye mistari myeusi na myekundu ambacho kimebeba jina la mji wetu. Si nzi. Ni mbawakawa mdogo, hafikii hata upana wa kidole, na wala hang'ati wala hachomi. Tatizo ni maji ya mwilini mwake. Yana sumu iitwayo pederini, inayotengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake, na ukimponda juu ya ngozi sumu hiyo hukuunguza. Mtoto akimpondea kwenye kiwiko kisha akakunja mkono akalala, sumu hupaka pande zote mbili. Malengelenge huchukua siku moja au mbili kujitokeza, na kufikia hapo mbawakawa ameshasahaulika. Mwenye nyumba anaamka, anaona kidonda, anatupa macho ukutani, na nani yuko pale? Buibui. Kesi inaisha papo hapo, kwa patipati.

Nimeona vidonda vingi vilivyoletwa kwetu kwa jina la buibui. Vingi vilikuwa vya mbawakawa huyo, au vya kunguni na viroboto, au jipu tu. Kwa hiyo neno la kwanza la kuokoa ngozi yako msimu wa mvua halihusu buibui: ukimwona Nairobi fly juu yako, mpulize aende au mpandishe kwenye karatasi, usimponde. Mahali alipopita paoshe kwa maji na sabuni. Usiku punguza taa zilizo karibu na madirisha yaliyo wazi, maana mwanga ndio unaomwita.

Sasa turudi kwenye kopo. Nilipokata seloteipu, mshtakiwa alikuwa amejibanza chini, bapa kama shilingi iliyopitiwa na gari moshi, miguu ameitandaza kando kama kaa. Huyu ni yule buibui wa ukutani ambaye Nairobi nzima inamfahamu, anayekaa nyuma ya picha na kalenda, na ukisogeza kalenda anakimbia kwa kasi ya kukushtua. Nilimpa mama lenzi. Alisita, kisha akainama. "Ana macho mangapi?" Manane: sita yamejipanga mbele kwa mstari mmoja, mawili makubwa yamekaa pembeni nyuma ya yale sita. Alinyamaza akaendelea kutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kwa lugha yetu ya kila siku buibui ni mdudu, na sina ugomvi na hilo. Ila kwa wanaosoma viumbe hawa, wadudu wana miguu sita na mwili wa sehemu tatu, na wengi wao wana mabawa. Buibui ana miguu minane, mwili wa sehemu mbili, na hana mabawa kabisa. Ni ukoo mwingine, jamaa wa nge na kupe. Aina zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi duniani zimepita 50,000. Mwaka 2017 watafiti wawili walikadiria kwamba buibui wote wa dunia hula kati ya tani milioni 400 na 800 za mawindo kila mwaka, sehemu kubwa ikiwa wadudu. Hesabu hiyo ni kubwa mno kuiweka kichwani, kwa hiyo mimi hupenda kuileta hadi bafuni.

Pembeni mwa dari ya bafu, karibu kila nyumba ya kupanga hapa mjini, yupo buibui wa miguu mirefu myembamba kama nywele, aliyening'inia tumbo juu. Mguse kwa ncha ya ufagio: ataanza kujitikisa kwa kasi hadi umbo lake lipotee machoni. Ni namna yake ya kujificha. Utando wake unaonekana ovyo, lakini hesabu mizoga iliyo chini yake. Utakuta mbu, vijinzi vya bomba la maji machafu, na mara nyingi buibui wengine pia. Ukibahatika kumkuta jike wakati wa uzazi utamwona amebeba mayai yake mdomoni, yameshikanishwa kwa nyuzi chache tu, kama punje za wimbi zilizogandana. Hayaachi hadi yaanguliwe. Nimewaonyesha wanafunzi wa shule hili mara nyingi, na ndilo linalowabadilisha haraka kuliko takwimu yoyote.

Wa dirishani ni buibui mrukaji. Huyu hafumi mtego. Anawinda kwa macho, mchana, na ukimsogelea anageuka mwili mzima akutazame. Ukienda kushoto naye anakufuata. Kabla ya kuruka hubandika uzi kwenye kioo ili akikosa asianguke hadi chini. Kinachomrusha si misuli minene ya miguu: hukaza mwili na kusukuma maji ya ndani hadi miguu ya nyuma inyooke ghafla. Ndiyo maana buibui aliyekufa huwa amekunja miguu yote chini ya kifua. Msukumo umekatika, kilichobaki ni misuli ya kukunja.

Na kwa buibui warukaji Kenya ina hazina ambayo wengi wetu hatujasimuliwa. Kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, anaishi buibui mdogo aitwaye Evarcha culicivora, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2003. Chakula anachokipenda kuliko vyote ni mbu jike aliyetoka kunywa damu. Wataalamu waliofanya kazi kwenye kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, pale Mbita kando ya ziwa hilo waliandika mwaka 2005 kwamba buibui huyu hujilisha damu ya wanyama kupitia mbu, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa mwindaji mwingine yeyote. Buibui wachanga wa aina hii humtambua mbu wa malaria, Anopheles, kwa namna anavyotua akiwa ameinua sehemu ya nyuma, kisha huzunguka na kumvamia kutokea chini ya tumbo. Baadaye ikagunduliwa kwamba huvutwa hata na harufu ya soksi iliyovaliwa, kwa sababu penye binadamu ndipo penye mbu aliyeshiba. Binadamu mwenyewe hamng'ati. Icipe, iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ina makao makuu hapa hapa Kasarani, na abiria wa Thika Road hupita jirani kila siku.

Nairobi imeinuka mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari na haina malaria ya kiwango cha ziwani, wala sidai kwamba buibui wa dirishani kwako ni yule wa Mbita. Lakini ni wa jamii moja, na mbu, nzi na nondo anaowakamata ni wako.

Ukitaka kuona kazi yao kwa wingi, toka nje asubuhi ya Julai, wakati ukungu bado umelala. Simama mbele ya ua wa kayaba, wa aina ile ya mitaa ya zamani, na umande utakuonyesha kilichokuwapo siku zote: mamia ya tandabui zimetandazwa kama vitambaa vya mezani, kila kimoja kina tundu la kuingilia ndani, na mlangoni mwa tundu mwenyewe ameketi miguu ya mbele ikigusa uzi. Jua likipanda umande unakauka, na watu wanapita wakidhani ua ni mtupu. Kwenye bustani ya miti, Arboretum, na ndani ya msitu wa Karura kuna wafumaji wa mitando ya duara ambao nyuzi zao za katikati ni kavu na zile za mzunguko ndizo zenye gundi, na baadhi yao huila mitando yao ikichakaa kisha hufuma mipya.

Kuna wanaotegemea nyuzi hizo kuliko tunavyodhani. Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda anayefyonza maua ya bustani zetu, hujenga kiota chake cha kuning'inia kwa nyasi na nyuzi za buibui. Nyuzi ndizo kamba zake. Nyigu anayefinyanga vichuguu vya matope kwenye kuta naye hujaza vyumba vyake buibui waliopoozwa, chakula cha watoto wake. Ng'oa ua, weka ukuta wa mawe na waya wa umeme, na unashangaa mbona chozi haji tena.

Waislamu wengi wa mji huu wamekua na kisa cha pango la Thaur, jinsi inavyosimuliwa kwamba buibui alitanda utando mlangoni na waliokuwa wakimwinda Mtume wakapita wakiamini hakuna aliyeingia. Wapo wazee ambao kwa kisa hicho hawakubali buibui auawe chini ya dari yao. Nawaheshimu sana. Wametulindia viumbe hawa bila semina.

Haya, na sumu? Sitaki kumficha mtu. Karibu buibui wote wana sumu, kwa kuwa ndiyo wanayoulia mawindo. Lakini wengi chonge zao ni fupi mno au laini mno kwa ngozi yetu, na sumu yenyewe ni ya kumtosha nzi. Kenya tuna wachache wa kuheshimiwa. Yupo yule wa kahawia mwenye alama ya rangi ya chungwa chini ya tumbo, anayejificha chini ya viti vya plastiki na kwenye vyungu vya maua, na kifuko chake cha mayai kina vichomozi kama miiba. Wapo pia wale wakubwa wenye manyoya wanaoishi kwenye mashimo ardhini. Hakuna kati yao anayekuwinda. Huuma wakibanwa kwenye kiatu, kwenye glavu, au kwenye kiganja cha mtoto. Kung'uta viatu vilivyokaa nje, basi. Ukiumwa, osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, usikate wala usifyonze. Maumivu yakisambaa, jasho na kichefuchefu vikianza, kidonda kikizidi kupanuka, au aliyeumwa akiwa mtoto mdogo, nenda hospitali bila kungoja.

Kinachonisikitisha kuliko patipati ni mashine ya dawa. Kwenye ploti nyingi siku hizi keateka hupuliza kila baada ya miezi michache, kuna wadudu au hakuna. Dawa haichagui. Inamuua mende, na inamuua aliyekuwa akimla mende. Kisha mbu, ambaye kukiwa na joto hutoka yai hadi kuruka kwa wiki moja au mbili, anarudi mapema. Buibui anayehitaji miezi kukua harudi haraka hivyo. Nyumba inabaki na wadudu bila mwindaji, na mpangaji anaitwa kuchangia pesa za kupuliza tena. Sisemi kunguni wasipigwe dawa. Nasema ipigwe walipo, kwenye kitanda na nyufa zake, isinyunyizwe dari hadi lango kwa mazoea.

Vivyo hivyo kwenye usafi. Nyuzi nyeusi zenye vumbi pembeni mwa dari mara nyingi ni mahame, mwenyewe aliondoka zamani. Zifagie. Utando wenye mtu ndani yake, pale juu asipomsumbua yeyote, uache. Na kama huwezi kabisa kulala chumba kimoja naye, chukua glasi, mfunike, pitisha bahasha taratibu chini ya mdomo wa glasi, mtoe nje penye majani. Haichukui dakika moja. Mfundishe mtoto afanye mwenyewe, kwani hofu hii huigwa kwa wakubwa.

Wakati sisi tunakimbia, wengine wananunua. Yule mkubwa mwekundu wa mashimoni, Pelinobius muticus, mwenyeji wa Kenya na Tanzania, hufugwa Ulaya na Marekani kama kipenzi cha nyumbani. Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kupatikana na maelfu ya malkia wa chungu waliokuwa wasafirishwe kinyume cha sheria. Kwa chungu tumeanza kuamka. Ukiona mtu anachimba mashimo ya buibui na kuwajaza kwenye vichupa, mpigie askari wa wanyamapori kama ambavyo ungefanya kwa pembe.

Yule mama wa Githurai nilimwelekeza kwenye kliniki ya ngozi kwa ajili ya malengelenge ya mtoto, nikamwambia kopo aniachie, nitamwachilia buibui kwenye ukuta wa nyuma. Alifikiri kidogo.

"Anakula mende?"

"Wale wadogo, ndiyo, mama. Na nondo."

Akavuta kopo upande wake, akalifunika, safari hii bila seloteipu. Mtoto ndiye aliyelibeba hadi stejini.