Kumfundisha mbwa kushuka kwenye kochi bila kumburuta

Mbwa anayevutwa kwa mkanda wa shingoni hajifunzi kushuka. Anachojifunza ni kwamba mkono ukimjia shingoni, mahali pake pazuri panapotea. Akichoshwa na hilo huanza kukakamaa, kisha kunguruma, kisha kuuma. Ndiyo maana neno "shuka" nalifundisha kama kazi yenye malipo, siyo karipio.

Chemsha maini au kuku bila chumvi wala kitunguu, ukate vipande kumi na tano hivi vyenye ukubwa wa punje ya mahindi.

Mpandishe mwenyewe kwa kupigapiga mto wa kochi, na akiwa juu usimpe kitu. Mnusishe kipande, kisha kirushe sakafuni, kama mita moja kutoka kwenye kochi. Miguu yote minne ikifika chini, sema "safi!" na umwongeze cha pili palepale. Mara tano zatosha, apumzike. Zamu ya pili au ya tatu, rusha mkono vilevile lakini ukiwa mtupu. Akishuka ndipo utoe malipo mfukoni. Wengi hukawia hapa, na mbwa wao hushuka pale tu anapoona nyama.

Neno huja baadaye. Sema "shuka" mara moja, subiri sekunde moja, ndipo mkono ufuate. Vikienda pamoja, mbwa hufuata mkono na neno linampita. Tena, ikiwa "chini" kwake ni kulala, usilitumie hapa: atajilaza juu ya kochi, na atakuwa ametii kabisa.

Sasa tatizo ambalo huwakatisha watu tamaa: mbwa anaanza kupanda kochi kila dakika. Ameshagundua kwamba kupanda na kushuka kunaleta nyama. Usiache kulipa, fanya kukaa chini kuwe na faida kubwa zaidi. Tandika godoro lake kando ya kochi, akishuka mwelekeze hapo, umpe vipande vitatu, kimoja kimoja, ukiachanisha sekunde chache. Na ukimkuta amejilaza hapo bila kuambiwa, mlipe pia. Hiyo ndiyo mara yenye thamani kuliko zote.

Kwenye sakafu ya vigae mbwa husita kwa kuogopa kuteleza, kwa hiyo weka zulia anapotua. Mbwa mzee aliyekuwa akishuka vizuri na sasa anagoma, mpeleke kwa daktari wa mifugo akaguliwe nyonga, mgongo na viwiko kabla hujamwita mkaidi.

Anayenguruma usimkaripie. Kunguruma ni onyo, na ukimnyamazisha unaweza kubaki na mbwa anayeuma bila kuonya. Simama mbali, rusha nyama kuelekea mlangoni, ashuke mwenyewe, kisha mzuie asirudi kwa kupanga viti juu ya kochi. Watoto wasishiriki mafunzo haya. Kama ameshawahi kuuma, usiendelee peke yako: anza kwa daktari wa mifugo, kwa sababu maumivu nayo hufanya mbwa alinde mahali alipolala.