Je, wajua kwa nini jicho la pweza limelizidi lako?

Ukienda Feri asubuhi kununua pweza, mtazame macho kabla hajakatwa. Lile jicho linafanana na lako hadi unashtuka: lina lenzi, lina mboni, lina retina, yaani utando wa nyuma unaopokea mwanga. Lakini si la urithi mmoja. Babu yetu na wa pweza aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na jicho la namna hii hakuwa nalo. Kila ukoo ulijitengenezea la kwake.

Letu lilianza kombo. Nyuzi za neva zimepita mbele ya seli zinazopokea mwanga, hivyo ili zifike kwenye ubongo hulazimika kuitoboa retina. Palipotobolewa hapaoni kitu. Ubongo hupaziba kwa kukisia. Za pweza zimepita nyuma, kwa hiyo yeye hana doa hilo.

Mbona miaka yote hiyo halijarekebishwa? Kwa sababu mageuzi ya viumbe hayana gereji. Kila kizazi cha katikati lazima kione, kile, kizae. Ni sawa na kubadilisha injini ya daladala ikiwa Barabara ya Morogoro, imejaa, na dereva hajasimama. Tena mnyama hurithi kwa wazazi wake. Kwa pweza hawezi kuazima. (Bakteria ndio wenye ujanja huo: hupeana hata jeni za usugu wa dawa.)

Fundi yeye huchungulia kwa jirani, na kwangu mimi hapo ndipo ubunifu wa watu unapowaacha viumbe mbali. Angalia bajaji. Kiwanda cha Piaggio cha Italia kilikuwa kikiunda ndege. Baada ya vita, mhandisi wake wa ndege, Corradino D'Ascanio, alibuni skuta ya Vespa ya mwaka 1946, gurudumu la mbele likishikiliwa upande mmoja kama gurudumu la ndege. Muda mfupi baadaye skuta hiyo ikazaa chombo cha magurudumu matatu, kikafika India, na leo kinakusubiri Mwenge. Ndege na skuta wamezaa mtoto! Mnazi hauwezi kuchukua mbawa za kunguru.

Ila nasi tuna doa letu. Simu mpya ya Kariakoo, ya kugusa tu, bado herufi zake zinaanza Q-W-E-R-T-Y, kama taipureta za Marekani za miaka ya 1870. Kuzipanga upya ni kazi ya siku moja. Vidole ndivyo vinavyogoma.