Kugeuza mpangilio wa maneno katika Kiingereza: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukitaka mkazo, peleka "never" mwanzoni, basi.

Ukweli: Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza, na anayetuponza ni Kiswahili. Tukisema "sitarudi kamwe" au "kamwe sitarudi", kitenzi hakitikisiki, maana kiima kimeshonwa ndani yake. Kiingereza hakina mshono huo. Neno la kukanusha likitangulia, kitenzi kisaidizi huruka mbele ya kiima: "Never will I go back", si "Never I will go back". Pasipo na kisaidizi, huitwa "do" kuja kuokoa jahazi. "She rarely complains" huwa "Rarely does she complain". Iangalie ile "s": imehama kutoka kwenye "complains" ikaenda kukaa kwenye "does". Anayeandika "Rarely does she complains" ameilipa mara mbili.

Dhana: Kila sentensi inayoanza na "only" au "no" hugeuzwa.

Ukweli: La. "Only John came" haigeuki, kwa kuwa "only" inamhusu John, ambaye ndiye kiima. Lakini "Only yesterday did I hear" hugeuka. Mfano ninaoupenda zaidi ni huu: "At no time was he alone" maana yake hakuwa peke yake hata dakika moja. "In no time he was alone" maana yake muda si muda alijikuta peke yake. Ya kwanza inakanusha sentensi nzima, ndiyo maana ikageuka. Ya pili ina "no", ila haikanushi chochote. Inasema haraka tu.

Mtego mwingine ni pa kugeuzia. Katika "Only when he left did I understand", kishazi cha "when" hakiguswi. Kinachogeuka ni kishazi kikuu, kule mwishoni.

Dhana: Hiki ni Kiingereza cha vitabuni.

Ukweli: Nusu kweli. Ukimwandikia rafiki ujumbe wenye "Seldom have I", utasikika kama unahutubia bunge. Lakini "So do I" na "Neither do I" husemwa kila siku. "Here comes the bus" pia, ingawa hapo kinachoruka ni kitenzi kikuu chenyewe, na kiima kikiwa kiwakilishi hakuna kuruka: "Here it comes". Haya ni mabaki ya Kiingereza cha kale, ambamo kitenzi mara nyingi kilikaa nafasi ya pili, kama kinavyofanya katika Kijerumani hadi leo.

Dhana: "Had I known" ni swali lililokatika.

Ukweli: Ni "If I had known", yaani ningalijua, iliyodondoshewa "if". Hapa urasmi unazidi mkazo. Ukiikanusha, usifupishe: ni "Had I not known", kamwe si "Hadn't I known".