Pazia linalopumua

"Fundi, pazia lako linapumua." Mwalimu mmoja mstaafu alinipigia simu wiki moja baada ya kumtundikia mahameli nzito sebuleni. Nikapanda kilimani kwake usiku huohuo. Kweli, pazia lilikuwa linajaa kama tanga, kisha linalala. Kosa lilikuwa langu: nililikata likaishia kiganja kimoja chini ya dirisha, na bomba la kulitundikia nikaliweka mbali na ukuta.

Hapa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai, mbingu ikiwa wazi, usiku hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Nyumba za zamani huku zina madirisha ya fremu za chuma na kioo kimoja chembamba, puti inayoshika kioo imekauka na kupasuka. Wateja hudhani baridi yote inapenya kwenye nyufa. Nyingine inatengenezwa humo humo ndani: hewa ya chumba ikigusa kioo hupoa, huwa nzito, huteremka na kutokea chini ya pazia, miguuni mwako. Wakati huohuo, juu ya pazia, hewa ya vuguvugu inavutwa nyuma ya pazia kushika nafasi yake. Usiku kucha.

Ndiyo maana siku hizi, mteja akianza na rangi, mimi namuuliza kwanza pazia litaishia wapi. Nalishusha mpaka liguse sakafu. Pembeni nalizidisha sentimita 20 kila upande, ncha nazikunja na kuzishikiza ukutani. Juu ya bomba nalaza ubao unaogusa ukuta, basi. Ubao huo ni bei ndogo kuliko mita moja ya mahameli, na watu bado wanabishana nami juu yake!

Kitambaa chenyewe? Chochote kilichofumwa kwa kubana, upana mara mbili ya dirisha ili mikunjo ishike hewa. Kazi kubwa inafanywa na bitana, kile kitambaa cha pili cha nyuma, na kwa chumba chenye baridi sana naingiza blanketi jembamba katikati. Ukishuka Kampala, pekua mapazia ya mtumba pale soko la Owino: mengine yametoka Ulaya na bitana nene tayari. Yapime kwa mkono, usidanganywe na maua. Blaindi za vipande waachie watu wa ofisi. Hewa inapita kati ya vipande vyake.

Asubuhi fungua yote, hasa upande wa mashariki, jua liingie. Jioni funga kabla halijazama, chumba kikiwa bado na joto lake.

Kuna kazi moja naikataa hata nikiongezewa pesa: kuziba matundu ya hewa juu ya dirisha kwenye nyumba inayowasha sigiri, jiko la makaa, ndani. Makaa hutoa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Sigiri ibaki nje, usiku usilale nayo.

Kwa Mwalimu nilirudia kazi yote, kitambaa cha kuongezea nikakilipia mwenyewe. Tukapitisha mshumaa kwenye kingo za pazia. Mwali ukasimama wima. Tulipofika mlangoni ukalala kabisa. Nikamshonea mfuko mrefu wa nguo, upana wa mlango, nikaujaza mchanga, akaulaza kizingitini.