Mbu wa Lamu naye hupanda mashua

"Sisi tuko kisiwani, mbu wa bara hawatufikii."
Husemwa sana barazani, na nusu yake ni kweli. Aedes aegypti, yule mbu mweusi wa madoa meupe anayeuma mchana, si mrukaji: wengi wao hawavuki mita mia chache maisha yao yote. Maji yaliyopo kati ya Mokowe, gati la upande wa bara, na mji wa Lamu yangemshinda. Lakini hana haja ya kuruka. Tazama chombo kikipakiwa gatini: mapipa, ndoo, vyungu vya maua, na zile tairi kuukuu zilizofungwa ubavuni. Maji ya ngama, yale yanayotuama chini ndani ya chombo, ni ya chumvi, hapo hazai. Mvua ikituama ndani ya tairi, basi amepata nyumba na safari ya bure. Huko Iquitos, Peru, watafiti walikagua vyombo vya usafiri wakakuta mbu huyu mara nyingi zaidi kwenye mashua kubwa za mizigo, na kwa nadra kwenye mabasi.

"Mbu mmoja aliyepotea ana madhara gani?"
Jike wa Aedes kwa kawaida hupandwa mara moja, akahifadhi mbegu za dume mwilini hadi kufa. Kwa hiyo abiria mmoja anashuka na vinasaba vya wawili, na mayai juu yake.

Ushahidi mzuri kuliko wote kwamba mbu huyu hubebwa na vyombo hauko mbali, uko Rabai, karibu na Mombasa. Huko waliwahi kupatikana mbu wa aina mbili za jamii hii hii: mmoja wa msituni, mwingine wa ndani ya nyumba. Wa msituni alipendelea harufu ya wanyama, wa nyumbani harufu ya binadamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha hata kipokezi cha harufu kinachohusika. Vinasaba ndivyo vilivyoshangaza zaidi. Mbu wa nyumbani hakushabihiana sana na jirani yake wa msituni, bali na mbu walioko nje ya Afrika. Mababu zake walichukuliwa Afrika kwenye merikebu za watumwa kwenda Amerika, uzao ukasambaa na meli hadi Asia, kisha ukarudi pwani yetu. Mbu wakitegemea mbawa tu, wale wa vijiji jirani hufanana kwa vinasaba, na wa mbali hutofautiana. Wakibebwa, miisho miwili ya njia ya meli hugeuka majirani.

"Upepo ndio huwaleta."
Kwa mbu wa malaria hili lina ukweli. Nchini Mali wamenaswa wakisafiri na upepo juu sana angani. Kwa Aedes, tafuta mizigo kwanza.

"Nikimwaga maji, nimemaliza."
Mayai hayaelei ndani. Hubandikwa ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa. Pipa tupu lililosafirishwa kutoka Mombasa linaweza kuwa limebeba kizazi kizima, kikingoja kujazwa tu. Sugua kuta kwa brashi. Wazee wetu walifuga samaki wadogo ndani ya birika, lile tangi la maji la nyumbani, ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini wakaweka bakuli la kauri ili samaki wasife maji yakipungua. Sijaona dawa ya dukani yenye akili hiyo.

"Chikungunya ya 2004 ilikuja na mbu wageni."
Chikungunya ni homa ya kirusi inayoenezwa na Aedes. Ilipozuka hapa Lamu, Aedes walikuwapo tayari, na ukame uliwafanya watu kuhifadhi maji majumbani. Vipimo vya damu vilionyesha kuwa takriban robo tatu ya wakazi wa kisiwa walikuwa wameambukizwa. Kirusi husafiri ndani ya damu ya abiria, mbu ndani ya mizigo. Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa Komoro, kisha Réunion, ambako badiliko dogo la kinasaba lilikifanya kirusi kizoee zaidi Aedes albopictus, mbu aliyeenea duniani kwa biashara ya tairi kuukuu.

"Malaria ni ya mashambani, mjini tuko salama."
Anopheles stephensi, mbu wa malaria mwenyeji wa Asia, huzaa kwenye matangi ya maji ya mijini. Alionekana Djibouti, mji wa bandari, mwaka 2012, akapatikana Ethiopia 2016 na Marsabit 2022. Amekuja na vinasaba vya usugu dhidi ya dawa nyingi za kuua mbu tunazozitegemea. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa 2021, na mradi huo huo unakusudia kuiunganisha kwa barabara na Isiolo, Marsabit na Moyale. Wanaokagua makontena huko wakague na matangi ya maji yaliyo kandokando ya barabara hiyo, kabla malori hayajazoea njia.