Mguu wa tembo si tangi la kusahaulika

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, wengi huamini kwamba mmea wenye kiazi kikubwa juu ya udongo haunyweshwi, kwa kuwa maji umejiwekea. Hilo ni nusu ya ukweli. Chukua mguu wa tembo, Dioscorea elephantipes wa Afrika Kusini: ni ndugu wa kiazi kikuu, na ndani ya gamba lake lenye vipande-vipande kama mgongo wa kobe kuna wanga pamoja na maji. Akiba hiyo ni ya wakati mmea umelala, yaani umepumzika bila majani. Majani yakiwa mabichi, mmea unakunywa kweli, na ukiunyima unakua polepole kuliko ulivyo, nao tayari ni mvivu.

Kinachouozesha ni maji yanayotuama wakati umelala. Kwa hiyo usifuate kalenda, fuata mtambaa wake, yaani shina jembamba linalotoka kwenye kiazi. Ukichipua, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha ngoja; chomeka kijiti sentimita 3, kikitoka kikavu rudia. Majani yakigeuka manjano yote, acha kumwagilia.

Changarawe ya volkano imejaa mjini, lakini ichekeche kwanza, maana vumbi lake huziba hewa kama saruji. Changanya sehemu 3 za punje za milimita 2 hadi 6 na sehemu 1 ya mboji. Kiazi kikae juu, mizizi tu izikwe.

Kiazi kikilegea chini na kunuka, kata hadi nyama safi, paka unga wa makaa, kikauke wiki mbili bila maji.