3DO haikuwa mashine ya Panasonic

Zikitajwa mashine za gemu zilizofeli, 3DO haikosekani, na ikitajwa 3DO hakosekani mtu wa kusema, "Aa, ile ya Panasonic." Mwenzake ataongezea kwamba Panasonic waliingiwa na tamaa, wakaiuza dola 700 wakati wenzao wanauza chini ya 200, wakaangukia pua. Hadithi yenyewe ni tamu kusimulia, ndiyo maana haifi. Juzi nimeisikia kwa muuza magemu ya zamani, mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake, nikaona sasa imetosha.

Jibu ni fupi. 3DO ni kiwango, kwa maana ile ya shirika la viwango, si ile ya "mchezaji wa kiwango". Ni maelezo ya kiufundi yanayosema mashine iwe na chipu zipi, kumbukumbu kiasi gani, diski isomwe vipi na gemu izungumze na mashine kwa utaratibu upi. Kiwanda kinachotaka kutengeneza mashine hiyo kinachukua leseni, kinaiunda chenyewe, kinabandika jina lake na kuiuza. Mwenye kiwango anakaa pembeni anakusanya ada. Kwa hiyo palikuwa na 3DO ya Panasonic, 3DO ya Sanyo na 3DO ya GoldStar, hao hao ambao baadaye mlikuja kuwajua kwa jina la LG. Diski iliyocheza kwa mmoja ilicheza kwa mwingine.

Kama bado una shaka, itazame 3DO Blaster ya Creative Labs. Haina kasha, haina umbo la mashine ya gemu. Ni kadi unayoichomeka ndani ya kompyuta, ikatumia kisoma CD na skrini ya kompyuta hiyo hiyo, na gemu za 3DO zikacheza. Hiyo nayo ni 3DO halali kabisa. Sasa Panasonic yuko wapi hapo?

Jina nalo limezushiwa mengi. Wapo wanaoapa kwamba herufi zile ni ufupisho wa maneno fulani ya kiufundi, na kila mmoja ana maneno yake. Maelezo ya Trip Hawkins, mwenyewe aliyelibuni, ni mepesi kuliko hayo: audio, video, 3DO. Yatamke mfululizo kwa Kiingereza utasikia kinachofanyika pale mwishoni. Ni vina tu. Palikuwa na kifaa cha sauti, kikaja cha picha, sasa kinakuja cha tatu, na cha tatu kimepewa jina la kufanana na kaka zake. Ujumbe ulikuwa kwamba kitu hiki hakishindani na Nintendo peke yake; kinataka nafasi yake ya kudumu chini ya televisheni ya kila sebule.

Ndiyo maana jina kamili lilikuwa 3DO Interactive Multiplayer, na hapa pana mtego mwingine. Leo ukisoma neno hilo la mwisho unawaza wachezaji wengi wanaocheza pamoja. Hapo lilimaanisha kifaa kinachochezesha vitu vingi: gemu, CD za muziki, CD za picha na, ukinunua kifaa cha ziada, video CD, zile zile zilizokuja kutubebea filamu za Bongo na taarabu. Mwaka 1993 huo ndio ulikuwa wimbo wa mjini, medianuwai, na kila kampuni iliuimba. Lakini mashine yenyewe ina tundu moja tu la kuchomeka pedi ya kuchezea. Mchezaji wa pili anachomeka yake kwenye pedi ya wa kwanza, wa tatu kwenye ya wa pili, mnyororo unakwenda hivyo hadi pedi nane. Wa kwanza akivuta waya kwa hasira, wote nyuma yake wamekatika.

Tuje kwa mwenye wazo. Trip Hawkins ni Mmarekani aliyefanya kazi Apple, kisha mwaka 1982 akaanzisha Electronic Arts (EA), kampuni ya kutengeneza gemu. Kwa miaka mingi alikuwa upande wa wanaotengeneza gemu, na upande huo ulikuwa unabanwa. Kaseti za Nintendo zilitengenezwa na Nintendo wenyewe. Mwenye gemu alilipia mzigo kabla hajauza hata moja, na ukidoda ulidoda mikononi mwake. Sega walipotoa mashine yao ya Genesis, EA waliifungua wakaichunguza mpaka wakajua namna ya kuitengenezea gemu bila kupewa siri zake, ndipo wakakaa na Sega mezani wakiwa na la kudai. Mtu aliyepitia hayo ukimwachia aanzishe mashine yake, ataanza na ada. Hawkins alianza nayo kweli. Kampuni ya 3DO ilipoundwa mwaka 1991, watengeneza gemu waliahidiwa kutozwa dola 3 tu kwa kila diski, kiasi ambacho kwa Nintendo na Sega hukukipata hata ndotoni.

Ramani ya mashine ilichorwa na Dave Needle na RJ Mical, watu waliokwishafanya kazi kwenye kompyuta ya Amiga na Atari Lynx, mashine ya gemu ya kushika mkononi. Walioweka fedha walikuwa wazito: Matsushita, ambao ndio wenye jina la Panasonic, halafu Time Warner, MCA, AT&T na EA yenyewe. Mei 1993 kampuni iliingia kwenye soko la hisa kabla mashine hata moja haijafika dukani. Jarida la Time likaitaja 3DO kuwa bidhaa bora ya mwaka huo. Jarida hilo lilikuwa mali ya Time Warner, lakini tusiwe wachokozi.

Na kielelezo cha Hawkins kilikuwa deki. VHS ilitoka JVC mwaka 1976, lakini majumbani deki zilikuwa za Panasonic, za Sharp, za Hitachi, za Akai, na kanda uliyoazima kwa jirani ilicheza kwenye yoyote. Hakuna aliyeuliza kanda hii ni ya deki gani. Hawkins alitaka gemu nazo ziwe hivyo: kiwango kimoja, viwanda vingi, bei ishushwe na ushindani wa viwanda vyenyewe. Kwenye karatasi huoni kosa.

Kosa liko kwenye hela, na hapa ndipo hadithi ya tamaa inaponikera. Nintendo, Sega, na baada yao Sony, hawakutegemea kutajirika kwa kuuza mashine. Mashine ilitoka kwa faida kiduchu, pengine kwa hasara, na hela ikarudi kwenye kila gemu iliyouzwa. Ni biashara ya printa: yenyewe unaipata chee, wino ndio unaokukomoa. Lakini biashara hiyo inataka muuza printa na muuza wino wawe mfuko mmoja. Kwenye 3DO mifuko ilikuwa miwili. Kiwanda kiliuza mashine. Zile dola 3 za diski zilikwenda California kwa kampuni ya 3DO. Mteja akinunua mashine ya Panasonic leo na gemu ishirini mwaka huu wote, Panasonic hapati chochote kwenye zile ishirini, isipokuwa kama kuna aliyoitoa yeye. Faida yake yote lazima itoke kwenye boksi, siku ile ile ya kwanza.

Basi FZ-1 ya Panasonic, mashine ya kwanza ya 3DO, ilipoingia madukani Marekani tarehe 4 Oktoba 1993 ikiwa na bei ya dola 699.99, bei hiyo haikuwa uroho. Ndani yake palikuwa na kisoma CD cha kasi maradufu, prosesa ya biti 32 na megabaiti 3 za kumbukumbu, vitu vya ghali wakati huo, na juu yake faida ambayo kiwanda hakikuwa na pengine pa kuipata. Dukani ilifika na gemu moja, Crash 'n Burn. Fikiria mzazi amesimama mbele ya kaunta ile.

Deki hazikupata tatizo hili kwa sababu hapakuwa na kampuni iliyokuwa ikigawa deki kwa hasara ili ijilipe kwenye kanda. Wote waliishi kwa kuuza vyombo. Hawkins aliuchukua mfumo huo mzima mzima akaupeleka kwenye soko ambalo washindani hawahitaji faida kwenye chombo.

Kampuni ililiona tatizo. Mwaka 1994 iliviahidi viwanda hisa zake mbili kwa kila mashine itakayouzwa kwa bei iliyokubaliwa, yaani kujaribu kuutia mfuko mmoja hela za mfuko mwingine. Kabla mwaka haujaisha ikaongeza dola 3 nyingine kwa kila diski ili ipate fedha za kutangaza, na watengeneza gemu, wale wale walioitwa kwa ahadi ya ada nafuu, wakanung'unika. Bei ilishuka kweli hadi dola 399. Ila Saturn ya Sega na PlayStation ya Sony zilikuwa tayari Japani mwishoni mwa 1994, na Septemba 1995 Sony walifungua Marekani kwa dola 299. Mwisho wa 1996 kazi ilikuwa imekwisha, baada ya mashine kama milioni 2 kuuzwa duniani kote. Gemu mbaya zilikuwapo nyingi, sikatai, hasa zile za kukalisha mtu aangalie video za waigizaji wasioigiza. Lakini Need for Speed ya kwanza kabisa, mama wa zile zote mlizocheza, ilitoka kwenye 3DO mwaka 1994. Mashine haikuwa dhaifu.

Wala wazo la kuuza leseni halikuwa la kipumbavu. Prosesa ya 3DO, ARM60, ilitokana na michoro ya ARM ya Cambridge, Uingereza, kampuni iliyoanzishwa 1990 na iliyotajirika kwa kuwauzia wengine leseni za michoro yake. Simu uliyoshika sasa hivi karibu kwa hakika ina prosesa ya ukoo huo. Kampuni mbili za leseni zilikuwa ndani ya boksi moja. Moja ilikuwa kwenye soko ambalo hakuna anayegawa prosesa, ikapona.

Kuna mkanganyiko mmoja umebaki. Waliocheza Heroes of Might and Magic III au Army Men kwenye kompyuta wanaikumbuka nembo ya 3DO mwanzoni, na huuliza iliwezekanaje mashine iliyokufa 1996 itoe gemu 1999. Hiyo ni kampuni. Kiwango kilikufa, kampuni ikabaki inatengeneza gemu tu hadi ilipofilisika mwaka 2003.

Kwa hiyo kusema "3DO ya Panasonic" hakuna ubaya wowote, kama tulivyosema deki ya Panasonic. Tatizo ni kusema Panasonic waliibuni, au kwamba tamaa yao ndiyo iliyoiua. Wao walichukua leseni na kuuza kwa bei ambayo leseni ile iliwaachia. Kama ni lazima walaumiwe kwa kitu, kipo: mwaka 1995 waliilipa kampuni ya 3DO dola milioni 100 wachukue M2, mashine iliyopangwa kuirithi. Safari hii ingekuwa yao peke yao, mfuko mmoja kama wa Sony, na bado hawakuitoa madukani kama mashine ya gemu ya nyumbani. Konami waliitumia kwenye mashine chache za kumbi za michezo, ikaishia hapo.